Barua ya wazi: siku ya miezi 18 isipite bure

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Waheshimiwa,

Mtoto wa Kitanzania akifikisha miezi 18 anatakiwa aletwe kliniki kuchomwa sindano ya pili ya surua na rubela. Siku hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Baada yake akina mama wengi huona chanjo zimekwisha, na wapo ambao hawatakaa tena mbele ya muuguzi na mtoto asiyeumwa mpaka siku ya kuandikishwa darasa la awali. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia kliniki ya mama na mtoto. Nawaandikia kwa sababu siku hiyo moja, ikitumiwa inavyopaswa, inaweza kuwaokolea muda watoto wenye usonji (hali inayompa mtoto shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu), ulemavu wa akili na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo. Leo inapita bure.

Mnajua inavyokuwa. Akina mama wako kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, kadi zimepangwa mezani. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptula ya mzani, ananing'inizwa, analia, uzito unasomwa kwa sauti na nukta inawekwa kwenye kadi. Sindano, matone ya vitamini A kama muda wake umefika, dawa ya minyoo, haya anayefuata. Hatua za makuzi, hata pale zilipochapishwa, zinapitwa bila swali, maana foleni imefika mlangoni na muuguzi yuko peke yake. Mama akijikaza akasema, "Nesi, mbona huyu wangu haongei?", anajibiwa kile kile karibu kila mahali: ataongea tu, watoto wa kiume huchelewa.

Mama anarudi nyumbani na jibu hilo. Akifika, bibi anasema mtoto ana udata, ulimi ukatwe. Jirani anasema kapatwa na jambo, apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji. Shangazi upande wa baba anasema kwao hakuna mtoto wa namna hiyo. Mwaka unakatika, wa pili unakatika, na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote.

Maswali ya kuuliza katika umri huo yanajulikana. Lipo dodoso la maswali 20 linalotumika katika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Mzazi anajibu ndiyo au hapana, na halichukui muda mrefu. Ukimwita jina lake, anageuka? Ukimwonyesha ndege juu ya mti, anaangalia kule unakoonyesha? Na yeye akiona pikipiki ya kumfurahisha, anakunyooshea kidole ili na wewe uione, siyo kwa kuwa anaitaka? Anakutazama usoni unapomlisha? Ukipiga makofi, anaiga? Ukijifanya unakunywa chai kwenye kikombe kitupu, naye anajifanya? Mimi ningeongeza moja: kuna maneno aliyokuwa nayo, "mama", "bibi", "nipe", ambayo sasa hayatamki tena? Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo hapaswi kuambiwa asubiri.

Mzani hautamgundua mtoto wa namna hii. Anaweza kuwa amenona, nukta zake zote ziko kwenye kijani mwezi hadi mwezi. Ukitaka kumjua, mtazame akiwa nyumbani. Anapanga visoda mstari mmoja kwenye sakafu, na ukiondoa kimoja anaangua kilio kisichobembelezeka. Gari la kuchezea haliendeshi, analigeuza na kuzungusha tairi. Mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kujikunja. Akitaka maji hasemi wala haonyeshi, anaushika mkono wa mama yake na kuupeleka kwenye jagi. Dalili moja haitoshi kusema mtoto ana usonji, na kwanza kabisa apimwe usikivu, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Swali la kliniki halimpi mtoto jina la ugonjwa. Linatuonyesha nani atazamwe kwa makini zaidi.

Mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia ukashindwa kuongoza misuli vizuri, hujitokeza mapema zaidi, na hapo muuguzi hana haja ya kungoja miezi 18. Mtoto ambaye shingo haijakaza baada ya miezi minne, anayekakamaa mwili au kulegea mno, asiyekaa mwenyewe kwa miezi tisa, anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, huyo apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Na lipo kundi ambalo kliniki haitaliona kabisa, nalo ni lako, Mheshimiwa Waziri wa Elimu. Mtoto asiyeweza kutulia wala kushika jambo moja mpaka mwisho huonekana akishaanza shule. Madaftari yanapotea, anajibu kabla swali halijaisha, anainuka kwenye dawati wenzake wakiwa wanaandika. Kinachomtofautisha na mtundu wa kawaida ni kwamba hali hiyo inamfuata nyumbani na shuleni, inadumu miezi sita au zaidi, ilianza kabla hajafikisha miaka 12, na inamvuruga masomo na urafiki. Inakadiriwa kuwa mtoto 1 katika 20 duniani ana tatizo hilo. Katika darasa letu la watoto 80 maana yake ni wanne hivi, na dawa wanayoijua zaidi ni fimbo.

Narudi kwenye usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu nusu yao ni watoto. Pigeni hesabu wenyewe, Waheshimiwa, hata kwa kupunguza, kisha muulize maofisa wenu ni wangapi wamo kwenye rejista.

Hakuna haja ya kuagiza kila kitu kutoka mbali. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wametengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa huko anavifahamu. Malawi nao wana chao, kilichochapishwa 2010. Nchi yetu yenyewe ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, inayomgusa kila mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Na mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mhudumu huyo anaingia ndani ya nyumba. Anamwona mtoto kwenye mkeka wake, siyo kwenye foleni akiwa amebebwa na analia. Akifundishwa maswali sita tu ya kuuliza, atawafikia wale ambao hawarudi kwenye sindano ya miezi 18, na hao si wachache.

Sasa niseme juu ya visababishi vya hali hizi, kwa sababu hapo ndipo mama anapoumizwa zaidi. Tafiti zilizofanywa pwani ya Kenya zilikuta wazazi wakitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na matatizo ya uzazi na maradhi. Huku kwetu ni hivyo hivyo, na karibu kila maelezo yanamwangukia mama: alikula nini, alikwenda wapi, alimkosea nani. Nimewaona wanawake walioachwa kwa sababu hiyo. Usonji kwa sehemu kubwa unatokana na urithi wa vinasaba vya pande zote mbili, na hauletwi na malezi baridi wala na dhambi ya mtu. Ugonjwa wa Down, unaochelewesha makuzi na akili, hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Hakuna mama aliyeutafuta. Maneno haya yakitoka kwa daktari wa wilaya, baba akiwa amekaa pale pale, yanaokoa ndoa. Naomba yawe sehemu ya huduma, yasiachiwe hiari ya mtu.

Lakini viko visababishi ambavyo vimo mikononi mwenu. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa alikosa hewa, na kila dakika anayokaa bila kupumua ubongo unaumia. Tanzania iliwahi kuonyesha dunia namna ya kulikabili hilo. Kuanzia 2009 wakunga katika hospitali 8 walifundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsisimua na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, na vifo vya ndani ya saa 24 vikapungua kwa asilimia 47, kama matokeo yaliyochapishwa 2013 yalivyoeleza. Ujuzi huo husahaulika usiporudiwa. Mfuko na barakoa viwepo kwenye kila kitanda cha kujifungulia, na mazoezi yafanywe kila wiki, hata kwenye zahanati yenye mkunga mmoja.

Manjano nayo. Huku mitaani mama huambiwa amwanike mtoto jua la asubuhi yataisha. Manjano yakipanda sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaachiwa mwili unaojinyonganyonga na masikio yasiyosikia. Anachohitaji ni kipimo cha damu na taa ya mwanga wa bluu, na taa hiyo si kifaa cha anasa. Malaria kali iliyopanda kichwani ni nyingine. Hata kwa waliopona, tafiti za Uganda ziliwakuta takriban robo na upungufu wa kufikiri na kukumbuka miaka miwili baadaye. Homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa njiti, pombe wakati wa ujauzito, chumvi isiyo na madini joto, hayo yote mnayajua. Rubela kwa mjamzito huharibu masikio, macho, moyo na ubongo wa mtoto aliye tumboni, na ndiyo sababu chanjo yake ilianzishwa nchini mwaka 2014.

Hapa nina jambo la kitaalamu ambalo naomba Wizara ya Afya ilipime kwa uzito wake. Dalili za usonji huanza kuonekana wazi katika umri ule ule wa sindano ya pili. Mama ambaye hakuulizwa kitu akaona mabadiliko wiki chache baadaye ataihesabia sindano, na atawaambia wenzake. Tuhuma hiyo ilipewa nguvu na makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu; jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na utafiti wa Denmark wa 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukukuta uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Lakini mama wa kijijini hasomi majarida. Atamwamini muuguzi aliyemuuliza maswali kabla ya kumchoma mtoto na kuandika majibu kwenye kadi. Kwa hiyo maswali yatangulie sindano. Tutamlinda mtoto, na tutailinda chanjo.

Tukishamgundua, tunampeleka wapi? Hilo ndilo swali nililoulizwa na kila muuguzi niliyemwambia wazo hili, na wana haki ya kuuliza. Hakuna kidonge cha kuponya usonji, na yeyote anayemuuzia mzazi dawa ya kuutoa, iwe ya chupa au ya maombi ya kulipia, anamwibia. Kifafa, ambacho huwapata wengi wa watoto hawa, kina dawa, na dawa hizo hazitakiwi kukatika hata wiki moja. Kinachomsaidia mwenye usonji ni kufundishwa, mapema na kila siku, na mwalimu wake wa kwanza ni anayekaa naye.

Niwaonyeshe kitu nilichokiona kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi. Mwalimu alikata maboksi ya sabuni, akabandika picha: kikombe, choo, mpira, sahani ya uji. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka saba hivi, hakuwa na neno hata moja. Alipotaka maji alikuwa akijipiga kichwa ukutani. Mwalimu alimfundisha kutoa kadi ya kikombe na kuiweka kwenye kiganja chake, na kila alipoiweka alipewa maji papo hapo na neno "maji" likatamkwa. Siku niliyokwenda nilimwona akipita kwenye zile kadi kwa kidole, akaiacha ya mpira, akachukua ya kikombe, akamfuata mwalimu mpaka mlangoni. Kichwa chake kilikuwa na kovu la zamani, hakikuwa na jipya. Gharama yake ilikuwa maboksi, gundi na mwalimu anayejua anachofanya.

Kwa wenye mtindio wa ubongo ni hivyo hivyo. Nimeona viti vilivyotengenezwa kwa makaratasi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka na uji mzito wa unga, vikakauka juani vikawa vigumu kama mbao. Mtoto aliyekuwa analishwa akiwa amelala chali, akipaliwa kila tonge, anakaa wima na kumeza. Kupaliwa huko kunaua, kwa homa ya mapafu, na kwenye rejista tunaandika nimonia.

Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi kwa ajili ya nchi zenye wataalamu wachache kama yetu: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoendeshwa na mtu asiye bingwa ila aliyefunzwa. Mzazi anafundishwa kucheza na mtoto, kumfanya aombe, kutuliza hasira kabla haijalipuka. Hayo yanaweza kuendeshwa chini ya mwembe wa zahanati.

Hata hivyo, mafunzo ya walezi hayatoshi peke yake. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), wa viungo na wa tiba ya kuongea lazima wapatikane karibu. Mama wa Kilindi hawezi kupanda basi kwenda Dar es Salaam kila wiki na mtoto wa miaka mitano mgongoni. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanafundisha tiba kwa vitendo, na wahitimu wapo. Tatizo ni ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Nafasi isipoandikwa kwenye ikama ya hospitali ya wilaya, hakuna kibali cha ajira, na mtaalamu aliyesomeshwa anaishia kufanya kazi nyingine. Naomba TAMISEMI iandike nafasi hizo, kwanza hospitali zote za mikoa, kisha wilaya. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itakuwa na maana kwa familia hizi ikiwa tiba hizi tatu zitatajwa kwa majina kwenye kifurushi cha msingi, na siyo kama nyongeza ya mwenye uwezo.

Shule nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa wengi wameshaisemea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Chuo cha Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu, na shule kama Uhuru Mchanganyiko zimeonyesha kuwa watoto hawa wanaweza kusoma uwanja mmoja na wenzao. Bado mzazi anafika shule ya karibu na nyumbani anaambiwa hapa hatuna mwalimu wa hao, jaribu mjini. Mwalimu mkuu asiruhusiwe kutoa jibu hilo kwa mdomo. Aandike barua, nakala kwa ofisa elimu wa wilaya, ili ijulikane ni watoto wangapi waliorudishwa mlangoni. Na mwalimu wa Patandi asipangiwe kufundisha hesabu darasa la sita wakati kitengo kimefungwa.

Waheshimiwa, nimewahi kumkuta mtoto amefungwa kanga kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo ya banda, mama yake akikaanga vitumbua kando ya barabara ya malori. Watu walipita wakimlaani. Mtoto yule alikuwa akikimbilia magari na hajui hatari, mama hana wa kumwachia, na wasipouza hawali. Mimi sikuwa na la kumlaumu. Ile kanga ilikuwa ndiyo huduma pekee aliyokuwa nayo, na ilimtosha kumweka hai mtoto wake.

Mkutano wa Bunge la bajeti huanza Aprili, mwezi ambao tarehe 2 dunia huadhimisha siku ya usonji. Sihitaji fulana wala matembezi ya siku hiyo. Naomba hotuba zenu tatu za bajeti zijibu mambo haya: maswali ya makuzi kabla ya sindano ya miezi 18 yataanza lini na katika mikoa ipi, ni nafasi ngapi za wataalamu wa tiba kwa vitendo, viungo na kuongea zimeombewa kibali mwaka huu, na ni fungu gani limetengwa kwa vitengo vya elimu maalumu, halmashauri kwa halmashauri. Awamu inayofuata ya programu ya malezi na makuzi iyabebe hayo kwa maandishi. Wauguzi wastaafu tuko tayari kuja kufundisha maswali yale kwenye zahanati zetu bila posho, tukipewa barua ya kutambulishwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga mstaafu, Tanga